Hodi kwenye Sayari ya Siki

Mkwe alikufa asubuhi, kwenye zamu ya Mama, na kabla jua halijafika utosini mtaa mzima ulishajua. Watu walikuja kutoa pole huku wanajizuia kucheka. Jirani mmoja aliuliza kama kutakuwa na matanga, mwenzake akamkanyaga mguu, lakini swali lilishatoka.

Mkwe hakuwa mtu wa nyama na damu. Alikuwa mtu wa kwenye gemu. Jina alipewa na Bibi, mama yake Baba, kwa ajili ya kumtania mjukuu wake. Alisema mwanaume anayekwenda kazini kila siku, hali, halewi, hapigi mtu, na jasho lake lote linaletwa ukweni, huyo kama si mkwe ni nani? Binti, mjukuu mwenyewe, alinuna, akakataa hata chai. Lakini jina lilishika. Ikafika mahali Baba mwenyewe akawa anauliza kama Mkwe yuko salama kabla hajauliza kilichopikwa.

Kwenye gemu lile kulikuwa na sayari zisizomtaka binadamu. Moja ilikuwa ya moto, ukisimama mahali pamoja soli za viatu zinayeyuka. Nyumbani waliiita Kikaango. Nyingine ilikuwa ya baridi, pumzi inagandia ndani ya kofia, na hiyo wakaiita Jokofu. Ya mwisho, mbaya kuliko zote, ilinyesha mvua ya tindikali inayokula vazi, ikamaliza vazi ikala mfupa. Hiyo ndiyo Siki. Mtu akifia kwenye sayari hizo hafufuki, anafutika pamoja na kila alichochuma. Sasa kulikuwa na matajiri huko mbali waliotaka kutamba kwamba mtu wao amepita Siki, ila tabu ya kumlea hawakuitaka. Wakawa wananunua aliyekwisha komaa.

Walezi ndio hawa wa mtaani. Walikuwa wanafanya kazi ndani ya lililokuwa ghala la magodoro, na bado vipande vya sponji vilikuwa vinajificha kwenye pembe na vumbi lake linaelea hewani. Mwenye ghala walimwita Rubani, kwa sababu ya miwani ya jua aliyoipandisha kichwani hata siku ya mawingu. Rubani alitoa mtu mmoja na kiti kimoja kwa kila nyumba. Nani akalie kiti, hilo halikumhusu, mradi kisikae kitupu. Mtu akiuzwa salama, nyumba inapewa mwingine ilee. Mtu akifa, kiti kinakwenda kwa wengine.

Kwa kina Mkwe aliyeanza kukaa kwenye kiti alikuwa Baba. Kabla ya hapo alikuwa mpiga rangi ya magari, na ile rangi aliyoivuta miaka yote ilikuwa imelala kifuani mwake inasubiri. Vumbi la sponji likaiamsha. Akarudi nyumbani na pampu ya kifua, ile ya kuvuta mdomoni, akawa haendi popote bila kuipapasa kwanza mfukoni. Mama akachukua asubuhi, Binti akachukua mchana akitoka shule. Na pampu ilinunuliwa na kile kiti. Hakukuwa na kitu kingine cha kuinunua.

*

Asubuhi hiyo ving'ora vya mvua vililia mapema. Mama alimkimbiza Mkwe mpaka kwenye kibanda cha chuma, akamwingiza, akafunga. Halafu akamvua vazi.

Hilo lilikuwa jambo lao la nyumbani. Vazi lilikuwa linachakaa hata mtu akiwa amekaa tu, na kulishona upya kulikuwa kunakatwa kwenye malipo yao. Kwa hiyo Baba alifundisha kwamba ndani ya kibanda Mkwe avuliwe, akae na fulana, kama mtu anavyovua suruali ya kazini akifika kwake. Mlango ukiwa umefungwa hakuna neno. Na mlango ulikuwa haufunguliwi. Rubani alikuwa ameandika sheria hiyo ukutani kwa herufi kubwa nyekundu, na Baba alikuwa anairudia kila Mama akivaa viatu vya kutoka.

Mvua ikaanza. Mama akaegemea kiti, akapumzisha vidole. Ndipo akasikia kwenye hedifoni mtu anagonga.

Watu kugonga si ajabu, gemu lilikuwa na watu wengi. Waligonga, waliandika maneno chini ya kioo, na Mama aliyaacha yapite kama anavyoacha nzi wapite, maana yalikuwa ya lugha za watu na shule yeye aliachia njiani. Lakini safari hii neno lilikuwa fupi na alilisoma kabla hajajua kama amesoma.

Hodi.

Akakaa wima. Kwenye kidirisha cha kibanda aliona mtu ameinama, kofia ya njano, mabega yanatoka moshi. Neno likaja tena. Hodi. Mama alitazama kulia, akatazama kushoto, lakini kila kiti kilikuwa kimekingwa kwa mbao ili watu wasichunguliane, na kuongea kulikatazwa.

Sheria aliijua, asisingiziwe. Aliijua kama anavyojua jina lake. Ila tangu azaliwe hajawahi kusikia hodi akanyamaza. Kwao ukiwa na deni unajibu, ukiwa na ugomvi unajibu, ukiwa huna hata maji ya kumpa mgeni unajibu karibu halafu ndiyo unaanza kuhangaika. Na mtu anabisha mara tatu. Ya tatu isipojibiwa anageuka anakwenda zake. Huyu angekwenda wapi?

Ya tatu ilipotokea, mkono wa Mama ulikuwa umeshafika.

Mlango ulifunguka, moshi wa kijani ukaingia kwanza, mgeni akafuata. Mkwe alikuwa amesimama pale pale mlangoni na fulana yake. Hakupiga hata kelele. Aliyeyuka kuanzia mikono. Yule wa kofia ya njano akamvuka, akafunga mlango, akasimama mahali alipokuwa amesimama Mkwe. Kisha kioo kikawa cha kijivu, na ndani ya kile kijivu Mama akauona uso wake mwenyewe.

*

Rubani hakumpigia kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alimwambia asimame, akawaambia wengine wote wavue hedifoni wasikilize, maana hili ni somo la bure. Akamuuliza alimfungulia nani. Mama akasema hamjui. Akamuuliza kwa nini basi alifungua.

"Alibisha hodi," Mama akasema.

Ghala zima lilicheka. Wengine walicheka kwa uoga, wengine walicheka kweli. Rubani alishusha miwani machoni, akairudisha kichwani.

"Mama yangu, kule hakuna hodi. Kule ni angani."

Akamwondolea hedifoni kichwani kwa mkono wake, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto kofia. Akamtaka apanguse meza, kibodi na mausi kabla hajaondoka, kwa kuwa kiti kina wenyewe wapya na si vizuri kumkabidhi mtu kitu chenye jasho la mwingine. Mama alipangusa kwa ncha ya kanga. Nyuma yake, upande wa pili wa ubao, alikuwa anakaa mzee mmoja waliyemwita Fundi Saa. Huyo peke yake ndiye hakucheka. Hakuvua hata hedifoni. Alikuwa amekodolea kioo chake, shingo imekaza.

*

Nyumbani Baba alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja, kama Mkwe alikuwa amevaa au amevuliwa. Mama akasema amevuliwa, kama alivyofundisha mwenyewe. Baba akageukia ukuta. Tangu hapo akitaka kitu alimwambia Bibi, Bibi akamwambia Mama, na wote watatu wamo kwenye chumba ambacho ukinyoosha miguu unamgusa mwenzako.

Bibi aliuliza watamzika wapi. Binti alianza kucheka, kicheko kikamgeukia kilio, akajifuta kwa sare ya shule. Akamweleza bibi yake polepole kwamba hakuna mwili, kwamba yule hakuwahi kuwepo. Bibi akasema mbona njaa yake ipo.

Kisha Binti akamuuliza mama yake mgeni alifananaje. Kofia rangi gani? Mama aliposema njano, Binti akakumbuka. Siku moja kule ghalani miwani ya Fundi Saa ilianguka chini, Binti akainama kumwokotea, na alipoinuka aliona kioo chake. Mtu wa Fundi Saa alikuwa na kofia ya njano iliyochubuka upande, kama ndizi iliyoiva. Akauliza kama ilikuwa imechubuka. Mama akasema ilichubuka.

"Basi ni huyo huyo," Binti akasema. "Alikuwa mgongoni kwako, mama. Ungenyoosha mkono ungemshika."

Baba, uso bado ukutani, alimwambia Bibi amwambie mke wake kwamba hongera, amemwokoa jirani.

Pampu ilianza kuwa nyepesi. Baba akawa anaitikisa sikioni kabla ya kuvuta, anahesabu kwa sikio kilichobaki, na mara nyingine anairudisha mfukoni bila kuvuta. Mama alikwenda kwa muuza dawa. Pale dirishani kulikuwa na foleni, na muuza dawa alikuwa mtu wa mdomo. Kabla Mama hajasema shida yake alimpa pole ya msiba kwa sauti, akauliza kama marehemu ameacha mirathi. Foleni ikacheka. Mama akacheka pia, maana alikuwa na la kuomba. Alipoomba, muuza dawa aliacha kucheka. Akasema pampu si nyanya, haitolewi kwa ahadi. Akamshauri amfukizie mgonjwa maji ya moto, akaita anayefuata.

Wakamfukizia. Baba alikaa chini ya shuka na sufuria, mvuke ukawa unapanda, na kutoka humo ndani ilikuwa inasikika pumzi yake, nyembamba, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika. Binti aliacha kwenda shule. Hakuna aliyemwambia aache na hakuna aliyemwambia aende.

*

Alasiri ya siku hiyo ya mvuke mtu alisimama nje.

"Hodi."

Sauti waliijua. Baba alifunua shuka, uso umelowa, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akamtazama mke wake machoni. Akatikisa kichwa. Hapana.

"Hodi wenyewe."

Mama hakusogea. Binti alishika kitasa kwa ndani kana kwamba kuna anayesukuma. Walisikia viatu vya yule mtu vinahama kwenye changarawe. Akasema hodi ya tatu, chini kidogo, na kabla haijaisha Bibi akaitikia kutoka kitandani alikokuwa amelala.

"Karibu."

Baba akamtazama mama yake. Bibi akasema asimtazame hivyo, mdomo wenyewe ndio umesema, yeye hata hakuwa amekusudia.

Fundi Saa aliingia mikono mitupu. Alikuwa mzee mwembamba, zamani alikuwa na meza yake ya saa za mkononi, mpaka watu wakaacha kuvaa saa. Hakungoja kiti. Alichuchumaa karibu na mlango na kusema amekuja kwa mambo mawili, na la kwanza ni kwamba alikuwa ni yeye.

Mama akasema wanajua.

"Hamjui lote," akasema. "Pale jirani kulikuwa na vibanda vingine. Sikuvigonga. Nilikuja kwako kwa sababu asubuhi ni zamu yako. Mumeo asingefungua. Huyu binti asingefungua. Nilijua wewe utafungua."

Sufuria ilikuwa bado inatoa mvuke katikati ya chumba.

"Ningekuwa mimi ndani," Mama akauliza, "na wewe... yaani wewe ndiye uko ndani, mimi nabisha. Ungefungua?"

"Hapana."

Baba alianza kucheka. Alicheka mpaka kikawa kikohozi, kikohozi kikakataa kuisha, Binti akampa pampu, akavuta, haikutoa kitu, akavuta tena. Fundi Saa alitazama pembeni kama anavyotazama pembeni mtu aliyekuta mwenzake anaoga. Kikohozi kilipotulia akasema la pili. Macho yake asubuhi yanajaa maji, saa zimeyamaliza. Anahitaji mtu wa kukalia kiti chake mpaka adhuhuri. Fungu analoweza kutoa ni dogo, yeye mwenyewe ana wajukuu yatima. Lakini linatosha pampu.

"Yaani nimlee huyo huyo," Mama akasema. "Wa kofia ya njano."

"Huyo huyo. Bado yuko ndani ya kile kibanda."

Baba alifungua mdomo. Kwa siku zote alizokuwa kimya alikuwa amepanga mengi ya kumwambia huyu mzee, Mungu akimkutanisha naye. Lakini maneno yanahitaji pumzi, na pumzi aliyonayo ilikuwa inatosha kitu kimoja tu. Akamwambia mke wake moja kwa moja, si kupitia kwa Bibi.

"Nenda."

Mama akamuuliza Fundi Saa afike mapema kiasi gani.

*

Rubani alipomwona anaingia alipandisha miwani juu zaidi. Akamuuliza, kwa sauti ya kusikika, kama sasa amejifunza. Mama akasema amejifunza, baba. Alimwita baba, na yeye Mama ndiye aliyemzidi umri.

Alikaa kwenye kiti cha Fundi Saa. Kile chao cha zamani kilikuwa mgongoni kwake sasa, upande wa pili wa ubao, na wenyewe wapya walikuwa wameshaanza. Alikuwa amemwona mlangoni aliyetumwa na nyumba hiyo, mwanamke kijana aliyemfunga mtoto mgongoni, anauliza choo kiko wapi. Mama alimwonyesha. Yule akamshukuru, akamwita dada.

Mtu wa kofia ya njano alikuwa ndani ya kibanda. Mama alikitambua, hata alama ya kutu pale ukutani. Hakumvua vazi. Fundi Saa alimwambia asimvue kamwe, lichakae tu.

Alifanya kazi vizuri, siku moja, siku nyingine, nyingine tena. Alichimba, akajaza mitungi ya hewa, akarudi kabla ya ving'ora. Vidole havikuwa vimesahau. Alikuwa anazisikia kwa nyuma sauti za kibodi ya yule mwanamke, herufi moja, kimya, herufi moja, kama mtu anayechambua mchele. Bado anatafuta, Mama akawaza. Na mimi nilitafuta hivyo hivyo.

Mvua ikaja wakati mtoto wa mwanamke yule analia. Mama alimfikisha mtu wake kibandani, akafunga, akaegemea. Mtoto akanyamazishwa. Halafu kwenye hedifoni, mtu akagonga.

Mama hakutazama kidirishani. Lakini masikio hayana mlango. Nyuma ya ubao, pale pale mgongoni, alisikia kidole kinabonyeza. Kimoja. Kimya. Cha pili. Kimya. Cha tatu, na cha nne.

Neno likatokea chini ya kioo.

Aliliangalia kama anavyoangalia yale mengine yote, ya lugha za watu. Alijaribu kusahau linavyosomwa. Aliitoa mikono kwenye meza, akaiingiza chini ya mapaja, akakalia vidole.

Kidole nyuma ya ubao kikaanza upya, haraka kidogo. Neno likaja mara ya pili. Mtoto akaanza kulia tena na safari hii hakuna aliyembembeleza. Neno likaja mara ya tatu, limekosewa, herufi moja imerukwa.

Mama alikuwa ameuma mdomo wa chini. Aliuma hivyo hivyo mpaka kugonga kukaacha.

Baadaye alisikia kiti kinasukumwa nyuma, na viatu vya Rubani vinakuja bila haraka. Akasikia Rubani anawaambia watu wavue hedifoni. Mama akavua, akageuka na wengine, kwa kuwa ilikuwa lazima kugeuka. Yule mwanamke alikuwa amesimama na mtoto mgongoni, anatafuta kwa macho nani wa kumwambia. Macho yake yalipita kwa Mama, yakarudi, yakasimama pale. Mama akainamisha kichwa, akawa anafuta mausi ambayo haikuwa na jasho.

Adhuhuri Fundi Saa alimpa Mama fungu lake, na Mama akapita kwa muuza dawa, ambaye alimhudumia bila mzaha.

Nyumbani Bibi alikuwa ameamka, amekaa kitandani na miguu chini, anamngoja. Siku hizi swali lake lilikuwa ni hilo hilo, maana hadithi za huko angani alizipenda. Akauliza kama leo kuna mtu yeyote aliyebisha.

"Hakuna," Mama akasema.

Akampa Baba pampu mpya. Baba aliitikisa sikioni, akasikia imejaa.